Taa Iliyokuwa Ikipumua

Kila siku alfajiri Tusekile aliamshwa na mambo matatu kwa mpangilio: baridi, jogoo, halafu Bibi. Baridi ya Iyunga mwezi wa tatu haina adabu ya kupiga hodi. Jogoo alikuwa na sauti mbaya, lakini pale nyumbani aliheshimiwa kuliko mjukuu. Na Bibi Sabina hakuwa na haja ya kuita. Alikohoa mara moja tu upande wa pili wa ukuta, na Tusekile alikuwa ameshakaa kitandani akitafuta ndala kwa vidole vya miguu.

Alikuwa darasa la sita, na nyumba nzima ilikuwa ya watu wawili. Mama yake, Mercy, alifanya kazi Mafinga na kupiga simu kila Jumapili. Kazi za asubuhi Tusekile alizijua kama sala. Kuwasha moto, kuchemsha chai ya maziwa, kuwamwagia kuku mahindi, na mwisho kumpelekea Bibi kikombe cha maji pamoja na kidonge kimoja cheupe cha presha. Bibi alikimeza huku amekunja uso, akilalamika kwamba kwa uchungu ule dawa lazima iwe imetengenezwa na mtu aliyegombana na mke wake.

Nyuma ya nyumba, ng'ambo ya banda la kuku, kulikuwa na chumba kimoja cha tofali kilichofungwa kufuli. Kilikuwa chumba cha kazi cha Babu, Fundi Lutengano, aliyefariki mwezi wa kumi na moja. Babu alitengeneza redio za watu kwa miaka arobaini, na katika miaka yote hiyo redio yake mwenyewe haikuwahi kupona. Siku ya mazishi Bibi alifunga kufuli mbele ya ndugu wote.

"Mtu asiingie," alisema. "Hata msumari usiguswe. Mwezi wa nane ukoo utakaa, ndiyo vitu vya marehemu vitagawiwa. Kabla ya hapo ni vyake bado."

Ukoo ukaitikia. Tusekile naye aliitikia, na siku ile alimaanisha kabisa.

Tatizo ni kwamba ndani ya chumba kile ndimo alimokulia. Tangu akiwa na miaka saba alikaa kwenye kigoda kando ya Babu, akimshikia waya wakati risasi ya kuchomea ikiyeyuka na kutoa moshi. Mwezi wa kwanza hamu ikamshinda. Dirisha la chumba lilikuwa na kioo kilichovunjika upande mmoja. Mchana mmoja Bibi akiwa kwenye umoja wa akina mama kanisani, Tusekile akapenyeza mkono, akafungua komeo, akaingia.

Ndani kulikuwa giza. Akaona ajitengenezee taa ya siri, taa ya kumwangazia bila kumsaliti. Akachukua transista mbili, kapasita moja, betri nne za tochi na taa ndogo kutoka kwenye redio mbovu. Upande wa nje wa dirisha, kwenye fremu ya mbao, akapigilia misumari miwili iliyokaribiana kama meno ya mbele, akazivuta nyaya zake ndani. Ukiigusa misumari yote miwili kwa kidole kimoja, taa inawaka. Ukiondoa kidole, inabaki ikiwaka kwa muda wa kusali Baba Yetu mara mbili bila haraka, kisha inafifia na kuzima yenyewe. Hata akikurupuka kutoroka, hahitaji kurudi kuizima.

Alijisifu sana, kimoyomoyo, maana hapakuwa na mtu wa kumwambia. Mwishoni mwa mwezi wa pili mitihani ikaanza, akaacha kuingia. Taa akaiacha pale pale.

Halafu mvua zikakolea, na ukungu ukaanza kushuka kutoka mlimani.

Asubuhi ya kwanza Tusekile alitoka na bakuli la mahindi ya kuku. Ukungu ulikuwa umemeza banda, umemeza choo, umemeza mti wa parachichi wote isipokuwa tawi moja lililoning'inia hewani kama halina mwenyewe. Kutoka stesheni ya treni ilisikika honi ndefu, isiyojulikana inatoka upande gani. Na huko mbele, mahali ambapo chumba cha Babu kilipaswa kuwa, palikuwa na mwanga.

Ulikuwa mdogo, wa njano, kama kiini cha yai. Tusekile alipoutazama ukafifia polepole mpaka ukakaribia kufa. Kisha ukarudi. Ukafifia tena. Ukarudi. Kama kifua cha mtu aliyelala.

Akalikumbatia bakuli kifuani, akarudi hatua moja nyuma.

"Unauona?" Bibi alikuwa amesimama nyuma yake, kanga kichwani, peku kwenye matope.

"Nauona, Bibi."

"Basi siyo macho yangu," Bibi akasema taratibu. "Nimeuona toka jana."

Jua lilipopanda ukungu ukainuka, na mwanga ukazima. Kesho yake ukarudi. Kesho kutwa vilevile. Siku ya nne Bibi alibeba kikombe cha chai ya maziwa, akakiweka kwenye kizingiti cha mlango uliofungwa, akainama kidogo.

"Ugonile, Baba Mercy," alisema, kama anavyomsalimia mtu aliyeamka salama. Akakaa kwenye jiwe, mikono mapajani, akaongea na mlango kwa sauti ya chini. Alisimulia bei ya mbegu, ugonjwa wa kuku mweusi, na jinsi paa linavyovuja. Taa ikafifia, ikarudi. Ukiangalia kwa mbali ungesema inaitikia.

Tusekile alimletea kidonge chake pale pale kwenye jiwe.

"Rudisha ndani," Bibi akasema.

"Lakini Bibi, daktari alisema usikose hata siku moja."

"Daktari hajui kama nimeitwa. Mtu akiitwa na mumewe hafungashi dawa." Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri, na ndilo lililomtisha Tusekile kuliko mwanga wenyewe. "Na mama yako usimwambie kwenye simu. Atakuja na basi la usiku bure."

Sasa utauliza, mtoto huyu si anajua taa ile ni yake? Anajua. Lakini alijua na jambo la pili, na hilo ndilo lililomziba mdomo. Taa ile haiwaki mpaka iguswe na kidole. Yeye hakuigusa. Bibi hakuigusa. Mlango una kufuli. Kidole kile kilikuwa cha nani?

Alasiri moja jua likiwa kali alijikaza akaenda kuangalia. Buibui alikuwa amefuma utando juu ya kufuli, na utando ulikuwa mzima. Chini ya dirisha matope yalikuwa laini kama uji, bila alama hata ya paka. Misumari miwili ilikuwa mikavu, yenye kutu kidogo. Alichungulia ndani. Koti la Babu lilikuwa limevishwa kwenye kiti chake, mabega yamesimama, limeipa mgongo dunia. Tusekile alinyoosha kidole kuelekea misumari, kikasimama hewani. Alikirudisha mfukoni kama kitu alichokiazima.

Shuleni alimweleza Happy, rafiki yake wa dawati moja.

"Si umwambie bibi yako ni wewe," Happy akasema.

"Siyo mimi sasa. Nimeitengeneza, sijaigusa. Nikisema ni mimi, nusu nitakuwa nimedanganya."

"Na usiposema?"

"Nikisema nimeingia dirishani nitachapwa. Halafu je, kama Babu amekasirika kwa sababu nimechukua vitu vyake? Kama anaigusa ili kunichongea?"

Happy alitafuna kalamu. "Babu yako angetaka kukuchongea angekuja moja kwa moja," alisema. "Mambo ya kuwasha na kuzima ya nini, kwani yeye pikipiki inayoomba njia?"

Hawakucheka, wote wawili. Nyumbani, vidonge vya Bibi kwenye mfuko wa plastiki viliacha kupungua. Siku ya saba. Siku ya nane.

Siku ya tisa Bibi alikuwa anamwaga mahindi, akashika nguzo ya banda, halafu nguzo ikamwacha. Alianguka kwa magoti. Kuku wakamzunguka wakidonoa mahindi kwenye kanga yake. Tusekile alimwinua, uso wa Bibi ulikuwa wa moto, na mshipa wa shingoni ulikuwa unapiga mbio.

"Kichwa tu kinazunguka," Bibi akasema. "Nenda shule."

Tusekile alimpeleka kitandani, na ndipo alipoliona. Juu ya kiti Bibi alikuwa ametandika gauni lake la kanisani, limepigwa pasi, kitambaa cheupe cha kichwa juu yake, viatu vyeusi chini vimepangwa sawasawa. Haikuwa Jumapili.

Hakwenda shule. Alishuka mteremko mbio hadi barabara kuu, kwenye kibanda cha Fundi Shedrack, aliyejifunza kazi kwa Babu. Fundi Shedrack alikuwa mtu wa Igawa, mnene, mwenye miwani aliyoifunga kwa waya wa redio.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mjukuu wa mwalimu wangu. Umeniletea mgonjwa au unaumwa mwenyewe?"

Tusekile akavuta pumzi. "Fundi, kama kuna mtu ametengeneza taa ya kugusa, halafu..."

"Huyo mtu ana umri gani?"

"Kama wangu."

"Na urefu?"

"Kama wangu."

"Namfahamu. Endelea."

Alimweleza yote. Dirisha, misumari, mwanga unaopumua, kikombe cha chai kizingitini, vidonge, gauni juu ya kiti. Fundi Shedrack, ambaye hata msibani huwa hajizuii, hakutania hata neno moja. Alimpa kipande cha boksi na kalamu. "Nichoree."

Tusekile akachora. Fundi akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaokota transista moja mezani, mdudu mweusi mwenye miguu mitatu.

"Kwetu Igawa kuna mashamba ya mpunga," alisema. "Mfereji mkubwa unapita na maji mengi, lakini mbele yake kuna lango. Wewe mdogo hivyo, ukiliinua lango kwa mkono mmoja, maji yanayoweza kubeba ng'ombe yanapita. Yale maji yametoka kwako?"

"Hapana. Yametoka mferejini."

"Ndiyo transista. Umeme wa kuwasha taa unatoka kwenye betri. Mguu huu wa katikati kwenye mchoro wako ndio lango. Unahitaji umeme kidogo mno, wa kunong'ona tu, na lango linafunguka. Umeweka mbili, moja inaisaidia nyingine, kwa hiyo lango lako ni jepesi sana. Na kapasita?"

"Inahifadhi ule umeme mdogo. Kama ndoo. Kidole kikiondoka, ndoo inavuja polepole, lango linajifunga polepole."

"Nani kakufundisha?"

"Babu."

Fundi Shedrack alisafisha miwani. Kisha akaunganisha vifaa vyake juu ya meza kwa kufuata mchoro ule, haraka haraka kama mwanamke anayesuka ukili, mwisho akasimamisha nyaya mbili zilizo wazi, karibu karibu, juu ya kibao cha zamani chenye vumbi. Taa haikuwaka.

"Ukigusa kwa kidole inawaka. Kidole kina nini?"

"Kina... jasho."

"Jasho ni nini?"

"Maji. Na chumvi."

Fundi akavuta kibao karibu. Aliinama, akafungua mdomo, akazipumulia zile nyaya mbili pumzi moja ndefu ya joto, kama mtu anayesafisha kioo. Kibao kikapata unyevu. Hakuna mkono uliokuwa karibu. Taa ikawaka.

Tusekile alisogea karibu na meza. Aliitazama ikiwaka peke yake katikati ya meza, na unyevu ulipokauka akaiona ikififia vilevile kama ile ya nyumbani.

"Ukungu," akasema taratibu. "Ukungu unatua kwenye misumari. Mbao inalowa. Tone linaunganisha msumari na msumari, taa inawaka. Tone likidondoka, ndoo inavuja, taa inafifia. Halafu linakuja tone jingine."

"Na jua likitoka?"

"Panakauka."

"Basi umeshamaliza, sina la kuongeza." Fundi akavaa miwani. "Kwa nini hukuja siku ya kwanza?"

"Niliogopa."

"Kuchapwa?"

"Kuchapwa. Na Babu."

"Babu yako katika maisha yake alichapa redio tu, na zenyewe zilikuwa zinastahili." Sasa sauti yake ikawa nzito. "Sikia. Kesho saa moja nakuja na pikipiki, tunampeleka bibi yako zahanati, apende asipende. Ila maneno utasema wewe, kabla sijafika. Nikisema mimi atasikia habari za waya tu. Leo mpe maji, alale."

Jioni ile Tusekile alijaribu. "Bibi, nina neno." Lakini Bibi alikuwa ameshasinzia, mkono kwenye paji la uso, akipumua kwa shida. Tusekile alikaa sakafuni kando ya kitanda, akisikiliza kila pumzi mpaka inayofuata ije.

Alfajiri ukungu ulishuka mzito kuliko siku zote. Bibi alikuwa amevaa lile gauni. Alitembea akishika ukuta, kisha banda, kikombe cha chai mkono wa pili, na alipofika kwenye jiwe mwanga ulikuwa tayari dirishani, ukija na kuondoka.

"Ugonile, Baba Mercy," akasema.

"Bibi," Tusekile akasema, "siyo Babu."

Bibi hakugeuka. "Usiseme hivyo mbele yake."

"Ni taa niliyotengeneza mimi. Niliingia dirishani mwezi wa kwanza ukiwa kanisani. Nilichukua vitu vya Babu, nikapigilia misumari miwili pale. Inawaka ikiguswa, na sasa hivi inaguswa na ukungu." Machozi yalikuwa yanamtoka lakini maneno yalitoka yamenyooka. "Njoo uone, Bibi. Tafadhali."

Alimshika mkono mpaka dirishani. Misumari ilikuwa imelowa, tone limelala katikati yake likimetameta. Tusekile akachukua pindo la kanga yake, akaifuta misumari na mbao mpaka pakakauka, akaviringa viganja kupakinga na ukungu. Taa ikaendelea kuwaka kidogo. Wakasubiri. Ikafifia, ikawa nyekundu, ikawa uzi, ikazima.

Haikurudi.

Kimya kilikuwa kikubwa. Hata jogoo alikiheshimu.

"Sasa wewe, Bibi. Weka kidole."

Bibi alikitazama kidole chake kama si chake. Akakiweka. Taa ikawaka mara moja, njano, tulivu, na ndani ya chumba koti lililovishwa kwenye kiti likaonekana. Lilikuwa koti, halina mtu.

"Kwa hiyo hakuja," Bibi akasema.

"Hakuja, Bibi. Ni ukungu. Na mimi."

Bibi alisimama hapo kwa muda mrefu, kidole kwenye misumari, akimlilia mumewe kwa mara ya pili. Tusekile alisubiri fimbo. Fimbo haikuja, na kusubiri kule kulimuuma kuliko fimbo. Mwishowe Bibi akaondoa kidole. Akaokota kikombe kizingitini, akakinusa, akanywa chai yote mwenyewe.

"Wiki nzima nimemwandalia mtu chai, na wanaokunywa ni sisimizi," akasema. "Leta kidonge."

Fundi Shedrack alipofika wote wawili walikuwa wamekaa kwenye jiwe. Kule zahanati mpimaji alitazama kipimo cha presha, akakirudia, akasema kama wangechelewa hata siku mbili angekuwa anaongea na ndugu, siyo na mgonjwa. Bibi alibaki pale hadi jioni, akarudi na karatasi yenye maelekezo mapya na ukali wake wa zamani. Tusekile akaambiwa aing'oe misumari mbele ya macho yake, kila kifaa akirudishe kilipotoka, na mwezi wa nane, ukoo ukikaa, asimame aeleze mwenyewe alichofanya.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulishuka tena. Honi ya treni ililia kutoka kusikojulikana. Bibi alitoka, kanga kichwani, akaangalia upande wa chumba cha Babu. Dirisha lilikuwa jeusi. Alisimama kidogo, kisha akarudi jikoni, akakaa karibu na moto.

"Tusekile."

"Abee, Bibi."

"Kuingia dirishani ni kosa, na adhabu yake unayo. Nikuambie kosa kubwa sasa. Ulikuwa unajua kitu ambacho mimi nilikuwa sikijui. Ukakaa nacho siku kumi, unaniangalia navaa gauni la kuzikiwa."

"Nilikuwa sijui yote, Bibi. Nilijua nusu."

"Ungenipa hiyo nusu. Nusu ingetosha kunipeleka kwa Shedrack, yeye angetafuta iliyobaki. Ukijua jambo linalomgusa mtu mwingine, usingoje mpaka likamilike, na usingoje mpaka uache kuogopa. Mwambie ukiwa unaogopa hivyo hivyo. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

Bibi alinyoosha mkono. Tusekile akampa kikombe cha maji na kidonge. Bibi akakimeza, akakunja uso.

"Bado ana ugomvi na mke wake huyu," akasema, akaomba chai.